Mzee Lifti, Mhudumu wa Maktaba Aliyegoma Kubeba Watu

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya kufungua mlango wa maktaba ya chuo chetu kabla ya mtu mwingine yeyote kufika, mhudumu wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina lake la kwenye faili wanalijua watu wa utumishi. Sisi wengine, kuanzia wahadhiri hadi mafundi bomba, tunamwita Mzee Lifti. Nimepewa kazi ya kueleza kwa nini, maana nimekaa naye kwenye dawati la kuazima vitabu miaka ishirini na mmoja na siri zake nyingi ninazo.

Maktaba hii ilijengwa ikiwa na shimo la lifti, lakini lifti yenyewe haikuja. Shimo likawa stoo ya mifagio. Chini kulikuwa na ofisi, dawati la kuazima na choo. Vitabu na meza za kusomea vilikuwa juu, mwisho wa ngazi thelathini na nne zenye kona katikati. Mwanafunzi asiyeweza kupanda alikuwa na njia moja tu ya kuvifikia, nayo ni mgongo wa mhudumu huyu. Ukimtazama huwezi kuamini, kwani mkanda wake wa suruali umetobolewa matundu ya ziada. Lakini wembamba wa reli, treni hupita. Alimbeba mtu, akamketisha, akarudi kuchukua kiti chake cha magurudumu, kisha akarudi tena kuchukua mkoba. Wakati wa kisa hiki kulikuwa na wanafunzi wanne wa namna hiyo, na aliwapandisha asubuhi na kuwashusha jioni.

Tulimsifu mno. Alipewa cheti cha mfanyakazi bora mara mbili, na vyote viwili akavitundika sebuleni kwake, kimoja juu ya televisheni. Hakwenda likizo miaka tisa mfululizo, kwa sababu siku aliposhikwa na homa wanafunzi wake hawakusoma. Hakuna aliyeona ajabu kwa hilo, mimi nikiwemo.

Ndipo akaja binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mwanafunzi wa sheria, naye akitumia kiti cha magurudumu. Mzee Lifti alichuchumaa mbele yake kama kawaida, binti akakataa. Alimwamkia, akamshukuru kwa heshima zote, kisha akamweleza kwamba yeye si gunia. Akaongeza kwamba hao anaowapandisha hawanywi maji tangu asubuhi, kwa kuwa choo kiko chini nao wanaona haya kuita mtu aje kuwabeba. Yeye afadhali abaki chini bila kitabu.

Mzee alinuna siku tatu. Alikwenda nyumbani kutafuta wa kumpoza, akamkosa. Mama watoto wake alisikiliza kisa chote, halafu akamuuliza kama yeye angependa kubebwa mgongoni kwenda msalani mbele ya wakwe zake. Kesho yake alipanda juu, akawauliza wale wanne mmoja mmoja kwa sauti ya chini. Wote walikiri. Kijana mmoja wa hisabati alikuwa ameishi hivyo miaka mitatu na ameshatibiwa ugonjwa wa njia ya mkojo mara mbili. Mzee alishuka, akakaa nami dawatini akirudia kunisimulia mpaka tulipofunga. Iliniuma kumwona vile.

Akaanza kuandika barua. Yeye aliziandika kwa penseli, mimi nikazichapa huku nikipunguza makali. Ombi lake lilikuwa jepesi: wenye miguu mizima wahamie juu na mafaili yao, vitabu vishuke chini, mlangoni iwekwe njia ya mteremko, na mlango wa choo upanuliwe. Barua ya sita ndiyo iliyojibiwa. Kamati ya majengo ilieleza kwa lugha tamu kwamba hakuna haraka, kwani huduma ya kuwafikisha wanafunzi hao juu ipo na inasifika. Ikamtaja yeye kwa cheo, ikampongeza.

Sijawahi kumwona mtu akipongezwa na uso ukamshuka namna ile. Alielewa kwamba wema wake ndio uliokuwa umeuziba mlango. Akazungumza na wale wanne na yule binti, wakakubaliana, na Jumatatu iliyofuata akagoma. Alipiga deki, akagonga mihuri, akapanga vitabu, lakini mgongo hakuutoa. Wanafunzi watano waliketi chini, mlangoni pa ofisi ya mkutubi mkuu, wakasomea hapo. Vitabu tuliwashushia kwa kikapu.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mitihani, na kijana wa hisabati alikuwa anamaliza chuo. Mzee alijua kwamba mambo yakienda mrama watakaofeli ni wao, si yeye. Siku ya nne aliniuliza kama amekuwa mkatili. Nilimchotea maji ya kunywa. Siku ya tisa mkutubi mkuu, aliyechoka kuruka vikapu kila akienda chai, aliiita kamati ije ione kwa macho yake. Walikaa dakika arobaini, wakaafiki yote.

Likizo ile tulisimama kwenye ngazi wote, mabosi na wafagizi, tukashusha vitabu mkono kwa mkono. Mambo hayakunyooka mara moja. Njia ya kwanza ya mteremko ilikuwa kali mno. Mzee aliijaribu mwenyewe akiwa kwenye kiti cha magurudumu, tukamwokota kwenye maua. Kosa langu lilikuwa kubwa zaidi. Nilibandika maelezo ya nukta nundu kwa wasioona, tena nikayaweka ndani ya fremu ya kioo yasichafuke. Mhadhiri wetu asiyeona alipapasa kioo kile juu mpaka chini, akanipongeza kwa usafi wake.

Binti wa sheria sasa ni wakili. Kijana wa hisabati alifaulu vizuri, na anafundisha.

Mwezi uliopita utumishi walimlazimisha Mzee amalize likizo zake. Aliondoka shingo upande, akarudi siku moja akiwa amevaa shati la nyumbani, akasimama mlangoni akitazama watu wakiingia na kutoka. Msichana wa mwaka wa kwanza, kwenye kiti chake cha magurudumu, alidhani ni mgeni aliyepotea. Alimwamkia, akamwita babu (hilo Mzee anasema atalisamehe baadaye), akamtembeza maktaba nzima: hapa sheria, pale sayansi, meza zinazoshuka na kupanda, choo kile pale, babu, usione haya. Mzee hakujitambulisha. Alimfuata nyuma mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akaja dawatini kwangu akicheka huku machozi yanamtoka.

Mzee Lifti, asante kwa mgongo wako, na asante zaidi kwa zile siku tisa ulizokataa kuutoa. Nenda kapumzike na mama watoto, ulale mpaka jua likuchome, nasi tunakuombea afya na miaka mingi yenye furaha. Kila anayestaafu hapa huambiwa kwamba ameacha pengo lisilozibika. Wewe hatukwambii hivyo, kwa sababu lako umeliziba mwenyewe kabla ya kuondoka.