Samaki Aliyeota Pamba

Kijiweni Shirere, ubavuni mwa soko, benchi ni moja na kahawa ni ya Osiako. Jioni hiyo Elkanah, mkata miwa aliyestaafu, alikuwa bado anapuliza kikombe chake cha kwanza pale binti yake Mildred alipotua karai la samaki miguuni pake. Walikuwa ngege wa bwawa, kutoka Navakholo. Aliye mkubwa kuliko wote alikuwa na manyoya meupe mapezini, kama pamba iliyolowa. Kila mteja aliyemwona alikuwa ameenda zake, na Mildred machozi yalikuwa karibu.

— Baba, niambie. Nimuuze huyu ama nimtupe?

Kabla Elkanah hajajibu, Titus, ambaye kijiwe kizima kilimwita Profesa, aliinama akanusa.

— Hayo ni mafuta. Amenona mpaka yamefurika nje.

— Mafuta gani yako na nywele? aliuliza Protus, fundi wa baiskeli, jina la kazi Injinia. Hiyo ni baridi! Maji ya Navakholo yanaumanga asubuhi. Samaki amejishonea sweta.

— Sweta ya mapezi peke yake?

— Ameanzia mikono, bana!

Osiako alicheka hadi birika likamtikisika mkononi. Mildred hakucheka.

— Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, Profesa akaendelea. Huyu hakukunjwa, sasa ameota ndevu. Ni mzee huyu.

— Basi mwamkie!

Elkanah aliisogeza ile pamba kwa kidole. Chini yake magamba yalikuwa yamebanduka, nyama imekuwa nyekundu kama kidonda. Moyo wake ukarudi nyuma mbali sana, mpaka mto Isiukhu wa utotoni.

— Samaki wa Isiukhu hawakuwanga na hii, alisema polepole. Mvua kubwa ikipita, mama alikuwa anaingia majini na kikapu, yeye na wenzake, wakiimba. Tunawakausha juu ya moto, tunakula na obusuma, ugali wa mama. Shuleni, mwenye kukaa na mimi dawati moja ananusa nguo zangu, anashikwa na njaa.

Mabishano yalizimika.

— Sisi tulikuwanga tunapigania kichwa, alisema Injinia, sauti imelainika.

— Na ule mchuzi, Profesa akaguna. Unalamba mpaka kiwiko.

Elkanah alimgeukia binti yake.

— Wazike, mama.

— Wote? Ni mmoja tu ako na pamba.

— Wamelala karai moja. Utamwangalia nani usoni kesho, mtoto wake akiumwa tumbo?

Mildred alitazama jasho lake la siku nzima mle karaini. Kisha akaliinua karai, akaenda kuomba jembe kwa jirani. Hakugeuka nyuma.

Wakati huo msichana mmoja alikuwa amesimama akingoja kahawa. Aliitwa Cindy, mwanafunzi aliyehamia vyumba vya kupanga juma lile. Alikuwa amesikia yote, na mate yalikuwa yamemjaa mdomoni.

— Mzee, hao samaki wa Isiukhu wanauzwanga wapi? Nataka wawili.

Profesa alimtazama Injinia. Injinia akamtazama Osiako, naye Osiako akaanza kusuuza vikombe vilivyokuwa safi. Elkanah alisikia nyimbo za wale akina mama, akasikia maji yakichuruzika vikapuni, ila mto ulikuwa umeishiwa samaki miaka mingi, na mahali pa kumwelekeza yule mtoto hakuwa napo.