Kifaranga Mwekundu Angani

Kijiwe changu cha kahawa hapa Kisarawe ni ubao juu ya mawe mawili, kando ya njia ya Masaki. Watu hunywa kidogo na kubishana sana, na jana walinipandisha mori kwa sababu ya Zahoro, tunayemwita Shabaha. Jirani yake Abdala anamsingizia mke wa Shabaha, Mwamini, kwamba anamwibia vifaranga. Keshokutwa jumbe anakata shauri. Shabaha kaapa kumpiga picha mwewe, mwizi mwenyewe, hewani, kifaranga kwenye makucha, akamwonyeshe jumbe. Kamera kaazima kwa mwalimu wa misheni. Filamu ya kwanza ilirudi kutoka kwa Mhindi wa picha Dar es Salaam na mawingu matupu, na sikio la mbuzi. Ya pili imebaki picha moja. Wenzake kijiweni ni Maneno, fundi cherehani, na mzee Pazi, tarishi mstaafu wa boma, jina lake hapa Serikali.

SERIKALI: Shabaha, yule si ndege. Jini hatoki kwenye picha.

SHABAHA: Jini gani anakula vifaranga, mzee wangu?

SERIKALI: Jini maskini. Wapo. Bomani tulikuwa nao.

MANENO: Jini wapi! Tatizo kioo. Kamera hiyo unaishika tumboni, unaichungulia kwa juu. Mwewe akienda kulia, kwenye kioo anakwenda kushoto. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MIMI: Mvunguni na mawinguni wapi na wapi, Maneno? Kunywa kahawa yako!

SHABAHA: Hilo la kioo nishalijua. Tangu juzi nafanya mazoezi kwa kunguru. Wallahi safari hii simkosi.

SERIKALI: Umpate, halafu Abdala aseme kifaranga si wake.

Shabaha akacheka, mara ya kwanza wiki hii.

SHABAHA: Hapo ndipo nilipomshika! Mke wa Abdala kawapaka vifaranga wake rangi nyekundu, ile ya kutilia ukili wa mikeka, ili wasichanganyike na wa watu. Nani mwingine hapa ana vifaranga wekundu? Jumbe akiiona picha tu, kesi imekwisha.

MANENO: Lo! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni!

MIMI: Mgeni nani sasa?

SERIKALI: Picha ifike kwa Gavana. Mwewe wapigwe marufuku toka hapa mpaka Kibaha!

MANENO: Itundikwe bomani, mwewe wengine waione wakome.

Wakati huo alikuwa amekaa pembeni mnunuzi wa korosho, Damiani, mgeni, anapumzisha miguu kabla ya kuendelea Masaki. Akaweka kikombe chini.

DAMIANI: Shikamooni, wazee wangu. Samahani. Hiyo kamera inatoa nyekundu?

Maneno akaangalia viatu vyake. Dukani kwake ametundika picha ya harusi yake; bibi harusi alivaa kanga nyekundu kama damu, na pichani ni nyeusi tii. Sote tumeiona. Serikali akakohoa. Nilimwonea Shabaha huruma.

Yeye akasimama, akajitundika kamera shingoni.

MANENO: Unakwenda wapi?

SHABAHA: Kwa Abdala. Kesho kamera ataishika yeye mwenyewe. Ua wake, vifaranga wake, jicho lake. Akimkosa mwewe kwenye picha, atakuwa amemwona kwa macho yake.

SERIKALI: Akikataa?

SHABAHA: Nitakaa mlangoni kwake mpaka akubali. Mwamini hajala tangu juzi, mzee wangu. Mimi nirudi nyumbani nikamwambie nini?

Akaenda. Maneno na Serikali bila haya wakaninyooshea vikombe.

MIMI: Kahawa imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Nilibeba dele langu la kahawa, bado lina nusu nzima, nikamfuata Shabaha. Kukaa mlangoni kwa Abdala ni kazi ndefu, na mtu hawezi kuifanya koo kavu.