Siku Niliyoitikia Wimbo Isingiro

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Nasema apewe sifa! Haya, sasa mmeitika. Ninyi mliotembea kutoka Kihanga najua miguu inauma, lakini midomo haikutembea.

Shikamooni wazee wangu. Mimi ni Eliza Kokushubira wa hapa Ndama, mke wa Yeremia, yule mwenye kahawa kule bondeni. Vijana hamnijui sana. Mama zenu wananijua, maana wengi wao niliwaliza mimi.

Msicheke, kuliza watu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kwetu bibi harusi hatoki nyumbani kwa mama yake macho makavu. Akitoka hivyo watu husema hakupendwa kwao. Basi huitwa waimbaji wa kumtoa, waimbe mpaka alie. Na katika waimbaji hao, ndugu zangu, hakukuwa na kundi kama letu. Tulikuwa wanawake watano. Watu walituita Wanawake wa Ndama, na jina hilo lilifika Isingiro kabla sisi wenyewe hatujafika. Tulimwimbia binti wa mwami aliyetawala gombolola nzima. Tuliitwa mpaka Bukoba mjini kwenye harusi ya karani mmoja, tukapanda lori kwa mara ya kwanza maishani, wawili wetu wakatapika njia nzima, na tuliposhuka tukaimba hivyo hivyo. Mwenye nyumba alikuwa na gramafoni. Alipotusikia aliizima, akasema, "Hii nayo ipumzike."

Siri yangu nitawaambia. Kabla ya harusi nilikwenda kukaa jikoni na mama wa binti, tunamenya ndizi, huku namuuliza. Binti alichota maji kisima gani? Utotoni aliogopa nini? Nani alimbeba mgongoni mama alipokwenda shamba? Yote hayo niliyatia kwenye wimbo. Binti akisikia jina la kaka yake aliyekufa, amekwisha! Analia yeye, analia mama, na wanaume walioko nje na pombe yao ya rubisi wanafuta macho wakisingizia moshi. Mimi nikiona hivyo moyo unanenepa. Nilibatizwa, jina la Kikristo ninalo, lakini kanisani nilikuwa mtu wa Krismasi tu. Harusi zilinitosha.

Lakini wimbo wetu hauimbwi na mtu mmoja. Mmoja anaanza, mwingine anaitikia, ndipo wengine wanafuata. Mwanzishaji nilikuwa mimi. Mwitikiaji wangu alikuwa mdogo wangu, Kemilembe. Mama alitufia tungali wadogo, nikamlea mimi, akanikulia mgongoni. Jamani, sauti ile! Nyembamba, safi, inapokea neno kabla halijaanguka chini. Nikimaliza mstari sikuwa na haja ya kugeuka kumtafuta, nilijua yupo.

Akaja kuchumbiwa. Kijana wa Isingiro, mpole, mkulima mzuri. Sasa nani amtoe Kemilembe kama si mimi? Safari hiyo sikwenda jikoni kwa mtu kuuliza, maana utoto wake wote nilikuwa nao mimi. Nikaanza. Mstari wa kwanza ulipoisha, wale wenzetu watatu wakasitasita, hawakuzoea kuitikia pasipo yeye. Mara tukasikia sauti kutoka chini ya shuka. Bibi harusi mwenyewe! Amefunikwa, analia kwa kwikwi, na anaitikia wimbo wa kumtoa kwao. Nyumba nzima ililia siku ile. Harusi ile ilisimuliwa kote Karagwe, na mimi nilijiona nimefika mwisho wa sifa.

Hatukuimba pamoja tena. Alikufa akijifungua mtoto wake wa kwanza.

Tulimzika kule Isingiro, mgombani kwa mumewe. Watu walikuwa wengi, na wote walijua mimi ni nani, wakanyamaza wakinisubiri. Nikaanza. Nikamaliza mstari, nikatulia kidogo kama nilivyozoea, namngoja aitikie. Akili ilijua kwamba yumo ndani ya sanda, lakini masikio hayakujua. Kukawa kimya. Ndugu zangu, koo langu likafunga pale pale! Sauti haikutoka na chozi halikutoka. Nikasimama tu mbele ya kaburi. Mwanamke mmoja akasema, wala hakunong'ona, "Analiza watoto wa wenzake, wa kwao hamlilii."

Ee Bwana wangu! Neno lile nilikula nalo, nililala nalo.

Tangu siku ile sikuimba. Watu walikuja kuniita kwenye harusi, nikawarudisha. Wenzangu walijaribu bila mimi, wakaacha. Nikapewa asali, nikapewa mizizi, mganga akanichanja chale hapa shingoni, alama hizi mnaziona. Alisema marehemu amenishika koo. Mimi nikamjibu, Kemilembe hawezi kunishika koo hata akiwa mzimu, tafuta jibu jingine! Yeremia mume wangu alivumilia. Alizoea mke anayeimba hata akipepeta maharage, sasa nyumba imekuwa bubu. Wala sikulia. Nilitamani nilie nikashindwa. Siku nyingine nilitamani hata nisiamke.

Mtoto alibaki. Msichana, Yunia, analelewa na bibi yake kule kule, Bibi Salome, mama mkwe wa Kemilembe. Sikwenda kumwona. Niliwaambia watu njia ni ndefu. Uongo mtupu! Yeye alikuja, mdogo wangu akaondoka, na sikujua nitamtazamaje.

Yunia alipokuwa amekwisha kujua kutembea na kusema, ikaja habari kwamba ana surua na hali ni mbaya. Yeremia akavaa viatu bila kuniuliza. "Twende," akasema. "Usipokwenda sasa utakwenda kuzika."

Tulipofika tulimkuta Bibi Salome ameketi ndani kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, na mtoto mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Yule mama hakuniuliza nilikuwa wapi. Akasema, "Karibu mwanangu. Mpokee, mikono yangu imechoka." Nikampokea. Alikuwa wa moto, mzito kwa homa, na ana paji la uso la mama yake. Akaanza kulia.

"Anapenda kuimbiwa," bibi akasema. "Mwimbie."

"Mama, siwezi."

"Basi nitaimba mimi."

Jamani, mnamfahamu Bibi Salome! Mnaijua sauti yake! Ameokoka kweli, Bwana asifiwe, lakini sauti haikuokoka. Aliuanza wimbo wa kanisani juu mno, ukamshinda, akauteremsha mahali ambapo wimbo ule haujapata kupita. Kisha kifua chake kibovu kikamkata pumzi katikati, akanyamaza. Yunia akaacha kulia. Akafumbua macho yale yaliyovimba, akanitazama, anangoja wimbo uendelee.

Nami nikaitikia.

Ndugu zangu, sikuwa nimeitikia wimbo tangu nizaliwe! Nilikuwa mwanzishaji, nilikuwa mbele. Sauti ilitoka imepasuka, mbaya kuliko ya bibi, lakini ilitoka! Niliitikia mahali alipokuwa akisimama Kemilembe, na machozi yakaja yote niliyonyimwa mazikoni, yakamlowesha mtoto kichwa. Bibi akapata pumzi, akaanza mstari mwingine, akaukosea, nikaupokea. Tukaenda hivyo mpaka jua likawa limeshuka. Pale kwenye nyasi Bwana alinikuta. Nilimwambia, "Bwana, niko hapa, nifungue," naye akanifungua. Haleluya!

Ningependa sana kuwaambia kwamba mtoto alipona. Shuhuda nyingi nilizosikia mahali hapa huishia hapo, tukapiga makofi tukaenda kula. Yunia hakupona. Tuliomba, tulifunga, Yeremia alikwenda kumleta dresa wa zahanati, na dresa alikuja mbio. Alifia mikononi mwangu asubuhi, tukiimba. Tukamzika kando ya mama yake. Bibi Salome alianza wimbo, mimi nikaitikia mpaka mwisho, nikawalilia wote wawili. Yule mwanamke wa siku ile alikuwepo. Alikuja akanishika, akalia nami, na sikuwa na kinyongo naye.

Mwenzenu mmoja aliniuliza, "Eliza, huu nao ni wokovu gani, na mtoto amekufa?" Swali lake ni la haki. Nami nimemuuliza Mungu hilo hilo, kwa ukali kuliko yeye. Mchungaji amejaribu kunieleza, ni mtu mwema, lakini sijaelewa, na sitawadanganya madhabahuni kwamba nimeelewa. Nawakosa wote wawili. Kila ninapomenya ndizi nawakosa. Ninalolijua ni hili: kwenye kaburi la kwanza nilikuwa peke yangu. Kwenye la pili sikuwa peke yangu. Namshukuru Yesu kwa hilo, na nitamshukuru mpaka nami nifukiwe.

Kama yuko mtu hapa ambaye koo lake limefunga, aliyezika akashindwa kulia, aliyeomba asipewe, namwambia asingoje mpaka sauti yake irudi nzuri. Mtegemee Bwana hivyo ulivyo. Huna nguvu ya kuanza? Itikia tu.

Bibi Salome yule pale benchi la mbele. Ameletwa kwa machela kutoka Isingiro, na kifua ni kile kile. Mama, tafadhali, tuanzie. Anza popote unapoweza, tutakupokea.