Nilivyomkataza Mama Kupanda Basi

Asalaam aleikum nyote. Na ndugu zangu Wakristo mlioko hapa, hamjambo, karibuni tena kwetu Timbwani. Mwenyekiti amenitaka nisimame nizungumze, na tayari naona huko nyuma wapo wanaocheka. Nawajua. Nyinyi ndio mnaoniita Kapteni hadi leo, na mimi hata baiskeli sijui kuiendesha sawasawa. Chekeni, hamna neno. Mimi mwenyewe nilikaa muda mrefu bila ya kucheka, na leo nataka niwaeleze kwa nini.

Ni kweli, nilikuwa na ndege. Injini moja, viti vinne ukihesabu na cha rubani. Niliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama kurudi kwao. Nilikuwa nikiwaambia watu nimenunua ndege mpya, lakini mpya ilikuwa kwangu tu. Yenyewe ilikuwa imezaliwa kabla ya mke wangu.

Wengi wenu mnajua nilikotoka. Nilianza utanboi kule Changamwe, kumsaidia dereva wa lori, nikalala juu ya magunia, nikapata lori langu la kwanza, halafu la pili, Mungu akafungua. Mtu akifika hapo, kama hana wa kumshika shati, huanza kutafuta kitu ambacho jirani hana. Gari kila mtu analo. Nyumba ya ghorofa, hata aliyekuwa akinibebea mizigo anayo. Ndege, ndugu zangu, hapa Likoni hakuwa nayo mtu.

Lakini sikuwaambia watu hivyo. Niliwaambia nimeinunua kwa ajili ya mama.

Mamangu ana dadake mmoja tu, nami nilimwita mama mkubwa. Aliolewa Kipini, kule mto Tana unakoingia baharini. Basi la kwenda huko ni kutwa nzima, na ukishuka mgongo haunyooki. Lakini mama alikuwa akienda kila mwaka, na mfuko wake wa nazi na halua, hajalalamika hata siku moja. Karibu na kijiji chao kuna kiwanja kidogo cha ndege, cha udongo. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja tu. Nilipomweleza mama, alishika kichwa akacheka mpaka machozi. Akenda akanunua doti ya leso kwa safari ile, akasema haikati mpaka afike, waikate pamoja, kila mmoja avae kipande chake.

Hawa wawili walikuwa na ahadi yao. Walipokuwa wasichana walimwosha mama yao pamoja alipofariki, na siku ile wakaahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemwosha. Asioshwe na mkono mwingine wakati dadake yuko hai. Nyinyi wanawake mlio hapa mnajua uzito wa neno hilo. Mimi nililisikia tangu utotoni, nikalizoea, likawa kama hadithi tu.

Sasa niwaambie kidogo maisha ya mwenye ndege, maana watu hudhani ni kupaa tu. Ndege inataka kuoshwa kwa maji baridi kila mara, kwa sababu chumvi ya huku kwetu inakula bati. Inataka kufunikwa. Mara mbili kunguru walitaga ndani ya injini, na wallahi nilikaa na fundi tukitoa vijiti kimoja kimoja kama tunachambua mchele. Abiria lazima apimwe uzito. Mfanyabiashara mmoja mnene wa Kongowea, rafiki yangu, nilimpandisha kwenye mizani mbele ya watu, na mpaka leo salamu zake ni za mbali. Na kubwa kuliko yote, ndege haihesabiwi kwa kilomita kama lori. Inahesabiwa masaa iliyoruka. Yakitimia, ni lazima injini ifunguliwe ikaguliwe, upende usipende.

Siku ya safari ya mama ilifika. Nilimpeleka kiwanjani asubuhi, amevaa buibui lake jipya, mfuko mkononi. Rubani alikuwa tayari. Simu yangu ikalia. Alikuwa mkubwa mmoja, simtaji, mtu ambaye mdomo wake ungeniletea kazi ya malori mwaka mzima. Alitaka kupelekwa Malindi, yeye na mtu wake mmoja, nami niwe nao, wakati ule ule. Viti vya abiria ni vitatu. Nikamtazama mama.

"Mama," nikamwambia, "hawa nawafikisha mara moja tu, kisha turudi tukuchukue."

Akasema, "Nenda na wageni wako, mwanangu. Mimi nipo."

Akakaa kwenye benchi la fundi. Tuliporudi ilikuwa alasiri na upepo umeshika, rubani akasema kile kiwanja cha udongo hatui na upepo ule. Nilimkuta mama palepale, na fundi amemnunulia chai na mahamri. Nilimrudisha nyumbani, nikamwambia wiki ijayo.

Ndugu zangu, nawaambia, hiyo wiki ijayo yangu ilikuwa ndefu. Mara rubani amepata kazi kwingine. Mara mvua. Mara nina mgeni anayetaka kwenda Diani kunywa soda arudi. Fundi akaniita pembeni akaniambia, "Mzee, yamebaki masaa sita. Yakiisha tunaifungua. Kama una safari ya maana, ifanye sasa." Safari ya maana! Kwenda Kipini na kurudi haifiki hata masaa matatu. Ningempeleka mama na mengine yangebaki.

Unajua niliyatumia wapi masaa yale sita? Kuzunguka juu ya Likoni. Nilipakia marafiki, wawili wawili, nikawaonyesha paa za nyumba zao, na yangu, na feri ikivuka chini yetu ndogo kama sahani. Watoto wa Mtongwe walikuwa wakitupungia. Niliona raha, siwafichi. Kila tulipotua nilijiambia yamebaki ya kutosha, mpaka hayakubaki.

Ndege ikafunguliwa. Ndani wakakuta chuma kimoja kimepata ufa, na chuma hicho kinaagizwa ng'ambo. Tukangoja.

Katika kungoja huko ndipo mama alipokuja kwangu, asubuhi, hata hakukaa. "Mwanangu, dadangu yuwaumwa. Nataka n'ende."

"Ngoja chuma kije mama. Siku chache tu."

"Basi lipo. N'tapanda basi."

Sasa sikilizeni nilichomjibu mzazi wangu. Nilimwambia, "Mama, watu wataniona vipi? Mama wa mwenye ndege anaonekana stesheni na mfuko, anagombea kiti cha basi? Utanivunjia heshima." Dadangu, ambaye mama anakaa kwake, alikuwepo. Akaniambia, "Basi mpeleke kwa gari lako." Nikamjibu kwa ukali kwamba sikununua ndege ili mama akatupwetupwe njiani. Mama hakubishana. Mnajua mama zetu hawapendi kumwaibisha mwana wao mbele za watu. Aliuchukua mfuko wake, akarudi nyumbani.

Alingoja wiki tatu. Mimi nilikuwa nikipita pale, nauona mfuko uko palepale nyuma ya mlango, na doti ya leso juu yake. Nilikuwa nikigeuza macho.

Simu ya Kipini ilipigwa baada ya swala ya alfajiri. Mama mkubwa amefariki. Maziko yatakuwa baada ya adhuhuri, na kumwosha wataanza saa nne, tano. Nilifika kwa mama mbio, nikamkuta amesimama mlangoni amejitanda, mfuko mkononi. Halii. Akasema neno moja tu: "Twende kwa gari."

Tungeondoka dakika ile, tukavuka feri ya asubuhi, tukapita Kongowea kabla magari hayajashikana, tungefika. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko nywele zangu. Tungefika, labda wamekwisha kuanza, lakini mama angeingia, angeshika maji, angemaliza na dadake.

Mimi nikamwambia, "Mama, gari ni masaa sita. Ndege ni saa moja. Chuma kimefika juzi."

Nikampeleka Changamwe, kiwanjani. Ni kweli chuma kilikuwa kimefika, lakini injini ilikuwa bado mezani, vipande vipande juu ya gazeti. Nikamwamrisha fundi aifunge. Nikampa ahadi, nikamfokea, nikamtukana, Mungu anisamehe. Yule bwana alifuta mikono yake akaniambia kwa upole, "Mzee, hii ni kazi ya siku mbili, na baada yake lazima mkaguzi aione. Mamako ni mamangu. Simpakii humu." Sikukubali. Nikaanza kupiga simu, huyu na yule, mwenye ndege gani, rubani gani. Kila aliyenijibu alisema nimpe nafasi aulize. Muda wote huo mama alikuwa kwenye lile benchi, palepale alipokaa siku ile ya mkubwa wa Malindi. Saa mbili na nusu alisimama. Hakunisemesha mimi. Alimwuliza fundi, "Mwanangu, gari la kwenda Kipini hupandiwa wapi?"

Hapo ndipo nilipovunjika. Mimi ni mwanawe, nimesimama hatua tatu kutoka kwake, ufunguo wa gari mkononi, na njia ameiuliza kwa mtu mwingine.

Tulikwenda kwa gari. Sijui nilivyoendesha. Saa tano na ushei, tukiwa bado hatujafika Garsen, mama alitazama saa yangu, akatazama viganja vyake, akaviweka magotini. Kumbe alijua kuosha kumeanza. Tulifika wanaume wanatawanyika kutoka makaburini, miguu ina udongo. Mama aliingia ndani kwa wanawake, na nje nilisikia akiuliza, "Nani amemwosha?" Akaitikia mama mmoja, jirani yao. Mama akafungua mfuko, akaomba mkasi, akaikata ile doti. Kipande kimoja akampa yule jirani, akambusu mikono. Mimi nilikuwa ukutani nalia kama mtoto, na hakuna aliyekuja kunibembeleza, na ilistahiki.

Baadaye nilidhani atanigombeza. Ningeshukuru. Mama hakunigombeza hata siku moja. Nikimwamkia, "Shikamoo mama," ananiitikia marahaba vizuri, ananiuliza habari za watoto, ananipakulia wali. Lakini aliacha kuniomba kitu. Akitaka kwenda hospitali, anamwambia dadangu. Akitaka kwenda Kongowea kununua viungo, anamwomba jirani. Mwenye malori kumi na mbili, mama yake anavuka feri kwa miguu, na habari naipata mtaani. Nikimuuliza ananiambia, "Wewe una shughuli zako, baba." Sauti haina hata chembe ya kinyongo. Nilikonda, nilianza kukaa peke yangu gereji, na kiwanjani sikwenda tena. Kunguru wakarudi.

Aliyenitoa huko ni dadangu. Alikuja akaniambia, "Unamnunulia mama zawadi kila Ijumaa, umemjazia nyumba. Yeye hataki kitu chako. Alikuambia anataka kwenda, wewe ukamwambia atapanda nini." Aliniambia hayo amesimama, akaenda zake. Halafu akawaleta nyinyi, wazee wa kikao hiki, mkaja kwangu mkakaa sakafuni mkanisikiliza nikilia mara mbili, mara tatu, wala habari haikutoka nje. Nawashukuru. Yule fundi nilimfuata nikamwomba radhi, maana angenitii siku ile, leo pengine mngekuwa mnatuombea dua sote. Na yule mama jirani wa Kipini, mkono wake ulifanya kazi ya mamangu. Mungu amlipe, mimi siwezi.

Ndege niliwauzia watu wanaofunza urubani. Ndege haikuwa na kosa. Ingekuwa punda, ningefanya yaleyale.

Nimeulizwa funzo ni lipi. Ni dogo. Mzazi wako akikuambia anataka kwenda mahali, usimwulize atakwendaje, wala usifikirie watu watakuonaje. Muulize anataka kufika lini. Hilo tu. Ningeliuliza hilo, ningekuwa na mama mzima leo. Nisimdanganye mtu hapa, kuna kitu chake kilibaki Kipini na hakirudi.

Lakini wiki iliyopita, siku ya Alhamisi, nilikuwa kwake nanywa chai. Yuwashona pindo la ile leso, kile kipande chake, ambacho hakukishika tangu msiba. Akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, kesho nataka n'ende ng'ambo ya feri, nikamwone mtu wa miwani."

Ndugu zangu, nilikiweka kikombe chini. Nilitaka kumwambia nitaleta gari kubwa, nitaleta dereva, miwani tutaagiza Nairobi. Nikayameza yote.

Nikasema, "Labeka mama. Saa ngapi?"

Akasema saa mbili. Saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwake, nimevaa viatu, nikaubeba mfuko wake. Tukashuka kwa miguu hadi feri, na alinishika mkono.