Mihuri Mitatu kwenye Barua ya Kanyiva

Mheshimiwa Mungai, mwakilishi wa wadi yetu. Daktari Kihara, afisa wa afya wa kaunti ndogo. Mchungaji pamoja na wanakamati wote wa Kituo cha Afya cha Njiapanda. Sista Lornah, muuguzi wetu, ambaye kwa miaka kumi na minne amekuwa akiniambia nipunguze chumvi. Wahudumu wa afya wa mitaani. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Riruta, Mountain View na hapa kwetu Uthiru. Na nyinyi mliokuja leo kutibiwa mkakuta hema uwanjani, mkadhani kuna harusi: nawasalimu nyote, mimi Were, na nawashukuru kwa kuja kuniaga ninapostaafu.

Mshereheshaji amenipa dakika kumi. Nitazipita, na sababu naisema mapema ili msinione mzee aliyepewa maikrofoni akakataa kuiachia. Mnakiona kile kiti kitupu pale mbele, kando ya Sista Lornah? Ni cha Namalwa, afisa wa kliniki atakayeshika nafasi yangu kuanzia Jumatatu. Hajachelewa. Yuko ndani, chumba cha pili, na Mzee Odhiambo, bawabu wa kule Mountain View, aliyeletwa saa tatu asubuhi akishindwa kupumua. Moyo wake umechoka na mapafu yamejaa maji. Anapumulia mtungi wetu wa oksijeni, ambao ni mmoja tu, na kwa jinsi mshale wake unavyoshuka, utatufikisha saa nane hivi. Mzee anahitaji hospitali yenye kitanda na mashine. Tangu saa nne Namalwa anapiga simu kukitafuta hicho kitanda. Tumekubaliana kwamba akipata jibu atakuja kusimama pale mlangoni, nami nikimwona nitanyamaza. Kwa hiyo nikiuangalia mlango badala ya kuwaangalia nyinyi wakubwa, naomba msihesabu kuwa ni dharau.

Nimesifiwa sana leo. Mheshimiwa amesema kwamba hajawahi kuona barua ya rufaa iliyoandikwa kwa mwandiko kama wangu, na wanakamati wamenipa kalamu hii, ndani ya kisanduku chenye kitambaa chekundu. Mwandiko huo si kipaji. Mwalimu wangu wa darasa la tatu kule Mumias alinichapa mpaka herufi zikanyooka. Daktari gani mwingine mnayemjua ambaye maandishi yake yanasomeka? Watu walitoka chumbani mwangu wameishika barua kwa mikono miwili. Mama mmoja wa Riruta aliipiga pasi kabla ya kwenda nayo. Waliamini kwamba karatasi iliyoandikwa vizuri namna ile lazima itawafungulia mlango, na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda waamini hivyo.

Lakini barua ya rufaa ni kitu gani, ndugu zangu? Ni karatasi inayosema: mtu huyu anaumwa, mimi sina cha kumpa, tafadhali mwangalie wewe. Basi. Nilipofika hapa miaka thelathini na mmoja iliyopita tulikuwa maafisa watatu, na tukiona wagonjwa sitini kwa siku tulilalamika. Juzi Sista Lornah alihesabu mia mbili na kumi na wanane. Tulikuwa wawili. Kuanzia Jumatatu Namalwa atakuwa peke yake, na kitu pekee ambacho hakijawahi kutuishia katika kituo hiki ni hizo fomu za rufaa.

Sasa niwape siri moja ya kazi hii, kwa kuwa leo hamwezi tena kunifuta kazi. Nilipoanza, mkubwa wangu alinifunza: ukimpeleka mgonjwa, usipige simu. Ukiuliza kwanza watakwambia hawana nafasi, na mgonjwa utabaki naye. Mpeleke tu. Akishafika langoni ni wao. Hawawezi kumwacha afe mbele ya mlinzi. Niliona ni akili kubwa. Nikaifuata, nikawafunza vijana kumi na mmoja waliopita mikononi mwangu, na kwa miaka mingi ilifanya kazi. Shida ni kwamba vituo vingine navyo vilikuwa na wakubwa wenye akili. Sote tukawapeleka watu wetu kwenye malango yale yale bila kuuliza, na hakuna aliyejua mwenzake amepeleka wangapi.

Mnamkumbuka Kanyiva. Ndiye aliyekuwa akikaanga viazi karai pale nje ya geti. Sisi wafanyakazi tulikula viazi vyake kila siku, kisha tukaingia ndani kuwaambia wagonjwa waache mafuta, naye alikuwa akitucheka waziwazi. Kanyiva alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mwaka jana, mwezi wa Machi, insulini ilituishia kwa wiki tano. Alikuwa akijidunga nusu ya kipimo ili chupa yake ifike mbali. Nilijua. Aliniambia mwenyewe, nami nikamwambia avumilie kidogo, dawa zinakuja.

Jumanne moja saa nne asubuhi aliingia kwa miguu yake, anahema, midomo imemkauka, akaketi akaniambia, "Daktari, leo mimi ndio kastoma. Nishughulikie haraka, nimeacha karai kwa jiko." Nilimpima, nikaona sukari imepanda mno. Nilimlaza, nikamwekea dripu, kwa sababu dripu tulikuwa nazo. Kisha nikakaa kuandika. Sista Lornah, uliniuliza, "Daktari, tusipige kwanza?" Nikakujibu, "Tukipiga watakataa. Wacha afike tu." Unakumbuka. Hujawahi kunikumbusha, nami nakushukuru kwa hilo, ingawa ningependa ungenikumbusha.

Mumewe ni Mutinda, fundi wa kuchomelea, aliyetengeneza geti letu na haya mabenchi mliyokalia. Aliazima gari la jirani, Probox. Siku hiyo Sista alikuwa peke yake na foleni ya akina mama wa chanjo. Hapakuwa na muuguzi wa kumsindikiza mgonjwa, na bila muuguzi dripu haiwezi kwenda. Kwa hiyo niliitoa. Niliitoa kwa mkono huu, nikampa barua kwa mkono huo huo, na Kanyiva akasema, "Hii ya leo imekaa poa, daktari. Wakinikataa na hii, watakuwa hawajui kusoma."

Walikuwa wanajua kusoma. Katika hospitali ya kwanza, mjini, mlinzi aliisoma yote akamwambia Mutinda kwamba daktari wenu anaandika vizuri. Walingoja saa mbili, kisha barua ikagongwa muhuri: HAKUNA NAFASI. Katika ya pili muhuri ulikuwa wa bluu, maneno yale yale. Katika ya tatu daktari mmoja kijana alitoka mpaka kwenye gari, akamshika Kanyiva mkono, akampima, akalia. Mutinda anasema alilia kabisa. Halafu akarudi ndani akagonga muhuri, akawaelekeza wajaribu hospitali nyingine ya huku juu. Walikuwa wanarudi kwa barabara ya Waiyaki Way ile ile waliyoshuka nayo asubuhi, foleni ya magari imesimama, na walipofika Mountain View, dakika kumi kutoka kitanda alichokuwa amelalia saa nne, Kanyiva aliacha kumjibu mumewe.

Mutinda, jana nilikuja kwako kukuomba ruhusa ya kuyasema haya mbele ya watu. Uliniambia, "Sema, daktari. Mimi nitakaa nyuma." Nakuona uko nyuma. Basi nitasema na kile ulichoniuliza siku ya pili, ulipoirudisha barua. Hukuwa na hasira, na ningejua la kufanya na hasira. Uliniuliza, "Ungepiga simu, wangekwambia nini?" Nikasema, wangeniambia hawana nafasi. Ukasema, "Sasa si angebaki hapa?" Nikasema ndiyo. "Na hapa angepona?" Nikasema sijui, insulini hatukuwa nayo. Ukasema, "Lakini angekuwa amelala, na maji yakiingia." Barua uliniachia, na tangu siku hiyo iko kwenye droo yangu ya juu. Probox ile uliinunua kwa jirani ikawa yako, na wewe ndiye unayetubebea wagonjwa. Sijawahi kupata ujasiri wa kukuuliza kwa nini.

Baada ya hapo nilibadilika. Nikaanza kupiga simu kwa kila mgonjwa. Mnadhani mambo yakawa mazuri? Simu haikushikwa, au ilishikwa na mtu aliyesema nipige baada ya saa moja, au niliambiwa yule anayejua habari za vitanda ametoka. Fundi mmoja wa viatu kutoka Riruta alifia kwenye benchi la ukumbini mimi nikiwa na simu sikioni, nimeambiwa nisubiri kwa laini. Huyo naye, kwa hesabu ya zamani, ningekuwa nimemtia garini mapema. Pengine angefika. Pengine siku yake ndiyo ambayo pangekuwa na nafasi.

Daktari Kihara, niliiandikia ofisi yako, kwa mwandiko huu huu unaosifiwa. Sikuomba jengo, wala gari la wagonjwa, wala hata kitanda. Niliomba namba moja ya simu, na mtu upande wa pili anayejua ni wapi katika Nairobi hii pana kitanda kitupu saa hiyo. Nakala yangu ilirudi na muhuri: IMEPOKELEWA. Niliandika tena, ikapokelewa tena. Sikulaumu. Najua nawe umeandika za kwako kwenda juu, na huko juu nazo zimepokelewa. Na wewe Mheshimiwa, umetuahidi jengo la orofa mbili, tunashukuru. Ila naomba utuambie pia majina ya watakaofanya kazi ndani yake, maana kuta tunazo hata sasa.

Wiki iliyopita, tukikabidhiana droo, Namalwa aliikuta barua ya Kanyiva. Aliisoma, akaangalia mihuri mitatu, akaniuliza, "Daktari, hii maneno ya simu, nikuwe napiga ama nisipige?" Nilimwambia nitamjibu siku ya kuagwa. Nilifikiri nikikaa na swali lile siku nane, mtu mzima mwenye miaka yote hii kazini, nitapata kitu cha kumpa. Nimekaa nalo. Nimeliombea kanisani. Ndugu zangu, sina. Akipiga, mgonjwa atamfia hapa akingoja. Asipopiga, atamfia njiani. Hiyo ndiyo hekima ninayomwachia binti wa miaka ishirini na sita, pamoja na muhuri na kabati lisilofungika. Ninaona aibu kubwa, na sikutaka muende nyumbani mkidhani kwamba kalamu hii imeondoa hata chembe ya aibu hiyo.

Naomba tunyamaze kidogo. Namalwa yuko mlangoni.

Ameonyesha vidole vinne. Amezipigia hospitali nne. Anatikisa kichwa.

Basi, nitamaliza. Namalwa, umefanya ulichoweza, usiandike barua. Mwambie Mzee Odhiambo avae koti lake. Sista Lornah, wewe baki na foleni, usiondoke, wala usinibishie leo. Mimi bado ni mwajiriwa mpaka saa kumi na moja jioni, kwa hiyo muuguzi wa kumsindikiza yupo. Nitakaa kiti cha nyuma na mtungi katikati ya magoti, na oksijeni haitatolewa na mtu yeyote mpaka ijimalize yenyewe.

Ndugu wageni, msije mkasema Were ameondoka kuokoa maisha. Hospitali nne zimetuambia hazina nafasi, nami naziamini. Ninakokwenda sijui, na sitarajii kitanda. Lakini kwa miaka thelathini na mmoja nimewatuma watu na karatasi, na wao ndio waliosimama langoni wakaambiwa, mimi nikiwa hapa nimekaa naandika nyingine. Leo sina barua. Atakayetukataa atanikataa mimi, uso kwa uso, na Mzee akiwa pembeni yangu.

Dereva wa gari la Mheshimiwa, tafadhali litoe pale kwenye geti, tumezibwa. Daktari Kihara, simu yako ina namba ambazo yetu haina. Kabla hujaanza kula, mpigie yeyote. Pilau iko tayari, kuleni, msiningoje. Kalamu naiacha hapa mezani. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu, na kwa miaka yote mliyoniita daktari.

Mutinda, naona umeshasimama, na ufunguo uko mkononi. Sikukuomba. Twende.