Sukuma, Nami Nikuzuie

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya duka la vipuri, na asubuhi hiyo lilikuwa na hofu nyingi kuliko kahawa. Mkasi, fundi wetu wa nguo, alianguka ngazini miezi minne iliyopita, na tangu hapo mkono wake wa kulia haupandi kupita kifua. Juzi alikwenda kwa mtaalamu wa viungo, akakimbia katikati ya tiba. Leo saa nne anatakiwa arudi. Asipofika, nafasi yake anapewa mwingine. Na kukata vitambaa ndiyo kazi pekee anayoijua.

— Kwani alikufanyaje? akauliza Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote.

— Kaushika mkono, kaniambia sukuma. Nikisukuma, ananizuia. Halafu anasema legeza, anaupeleka juu zaidi.

— Mtabibu gani anashindana na mgonjwa? Huyo anatafuta pa kukata. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Betri, fundi simu, alikuwa na lake. Kwa maelezo yake, jamaa anawanyonya watu chaji: ukisukuma, nguvu zinahamia kwake.

— Leo wewe, kesho mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Waziri naye akaleta habari za binamu yake, aliyezuiwa goti mpaka likageukia nyuma, akawa anakwenda sokoni huku anatazama nyumbani. Siku nyingine tungecheka. Mimi mwenyewe nilijikuta nimeficha mikono kwapani.

Saa nne kasorobo, dada mmoja tusiyemjua akasimama mbele yetu, amemshikilia baba yake aliyepooza upande mmoja. Tukamwamkia mzee. Dada akauliza njia ya kwa mtaalamu, nikamwelekeza, lakini hakuondoka.

— Samahani, kaka zangu. Baba anaogopa. Kule wanaumiza?

Waziri akachungulia kikombe chake. Betri akakumbuka simu ya mteja. Hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga kule, isipokuwa mmoja.

— Hawaumizi, Mkasi akasema polepole. Mkono wangu ulipanda kule mpaka usawa wa sikio. Niliuona kwa macho yangu. Nikaogopa kuamini, ndiyo maana nikakimbia.

Mkasi akainuka, akampa mzee mkono wake wa kushoto.

— Nishike, baba. Tukaogopee huko huko.