Feni Inayonguruma kwa Mama

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, mama yetu mzazi uliyewekewa kiti cha mbele kwa heshima ya mwanao, ndugu wageni waalikwa na mafundi wenzangu:

Nimeombwa nimuage mdogo wangu, Kipimo, anayehamia makao makuu. Nimeombwa pia nitabasamu. Haya, natabasamu.

Nani hapa hajui kazi yangu? Mimi ndiye niliyeziba nyumba ya mama, nyufa za madirisha, matundu ya dari, upenyo chini ya mlango, mpaka hita ikawa inawashwa kidogo tu na joto linabaki humo humo. Bili ya umeme ikashuka. Mama akavua sweta, akaniambia, "Mwanangu, mikono yako ina baraka." Nilitembea kifua mbele mwezi mzima.

Kisha akaja huyu na kidude chake cha kupimia hewa, hakijazi hata kiganja. Alikiacha chini ya kitanda cha mama, na siku aliyokuja kukisoma uso ulimshuka. "Dada, kuna radoni humu." Ni gesi ya ardhini, haina rangi wala harufu, inapenya sakafuni na kuyala mapafu taratibu, na mimi, kwa kulifungia joto ndani, nilikuwa nimeifungia na gesi hiyo humo humo. Nilipima upya kwa kidude kingine, nikiomba awe amekosea. Hakukosea. Hilo ndilo kosa lake pekee ninalolijua.

Tukatoboa sakafu, tukapitisha bomba hadi juu ya paa, akafunga feni ya kuivuta gesi nje. Mimi nikaziba sakafu kulizunguka bomba, maana bila hivyo feni ingehangaika bure. Sasa niambieni, ufa uliozibwa unasema nini? Hausemi kitu! Feni inanguruma mchana kutwa, na kila mgeni akiingia mama anamwambia, "Unamsikia kitinda mimba wangu?" Mnacheka, lakini mimi ninaionea wivu feni, tena wivu wa kweli.

Jana mama aliniita pembeni. Nikadhani zamu yangu ya kusifiwa imefika. Akauliza, "Akiondoka, itaendelea kunguruma?" Nikamjibu itanguruma, na ikikohoa tu nitakuja na bisibisi. Akanishika mkono, akamlilia yeye.

Kipimo, nenda salama. Sauti yako nitaitunza mimi.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza, maana nyumbani kwetu husikilizwa feni. Na wewe mama, siku moja moja weka kiganja pale dirishani. Usipohisi upepo, huyo ni mimi.